Nini Imetoroka? Miaka Ishirini na Saba ya Mama Timothy na Michezo Yake

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Rachael Nasipwondi Khamala atastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Watoto cha Chemichemi kwa miaka ishirini na saba na miezi kumi. Aliripoti kazini Jumatatu tarehe 12 Januari 1998, katika tawi letu la Kawangware, akiwa mpishi. Anaondoka akiwa msimamizi wa michezo ya nyumbani katika matawi yote mawili, Kawangware na Mashimoni. Safari ya kutoka jikoni hadi kwenye kiti hicho ndiyo nimeombwa niiandike. Nimeikubali kazi hii kwa furaha, maana nimezunguka naye milango ya watu kwa miaka kumi na mmoja.

Jina la Bi. Khamala liko kwenye barua za ofisi tu. Kwa wazazi yeye ni Mama Timothy, kwa jina la kifunguamimba wake. Kwa watoto ni Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, na wanamwita hivyo hata watoto wa Kijaluo na wa Kikamba ambao hawajawahi kukanyaga Bungoma.

Mambo yalianzia kwenye foleni ya uji. Mwaka ule wa 1998 tawi la Kawangware lilikuwa na watoto tisini na jiko moja. Uji ukichelewa kuiva, foleni ilikuwa vita: huyu amesukuma, yule amekanyagwa, kikombe kimeruka. Siku moja Mama Timothy alichoka kupiga kelele. Akachukua sinia, akapanga juu yake kijiko, kiazi, kiberiti, limau na kitana chake mwenyewe.

"Angalieni vizuri," akawaambia. "Mmeangalia? Haya, fungeni macho. Wewe wa nyuma, naona unachungulia."

Akafunika sinia kwa leso, akaondoa kitu kimoja chini yake, kisha akafunua.

"Nini imetoroka?"

Foleni ikanyamaza. Watoto tisini wakakodoa macho kwenye sinia moja. Halafu sauti moja ikalipuka: "Kiazi!" Na wote wakadai arudie. Mwalimu Benard, aliyekuwa mkuu wa kituo wakati huo, anasimulia kwamba alitoka ofisini mbio kwa sababu ya ule ukimya. Alidhani watoto wamefungua geti wakatoka. Aliwakuta wamekaa chini na uji uko tayari, lakini hakuna aliyekuwa akiutaka.

Kesho yake vitu vikawa sita. Kufikia mwisho wa muhula vilikuwa kumi na viwili, na walimu wa darasani wakaanza kuulizana ni nani amewafundisha hawa watoto kutulia. Wale waliokuwa hawamalizi kuandika jina lao bila kuinuka mara tatu sasa walikaa. Mwalimu Benard alichunguza akafuata fununu hiyo hadi jikoni.

Ilichukua miaka sita kabla ya Mama Timothy kuvua aproni. Mwaka 2004 kituo kiliamua kutuma mtu nyumbani kwa wazazi, awaonyeshe jinsi ya kucheza na watoto wao kwa vitu walivyo navyo. Jina lake lilipotajwa, baadhi yetu (nasema yetu kwa ajili ya umoja, mimi sikuwepo) walinung'unika kwamba mpishi hana cheti. Yeye hakubishana na mtu. Alijiandikisha kwenye kozi ya walimu wa chekechea, akasoma kila likizo, na mwaka 2007 akaleta cheti akakiweka mezani pamoja na sufuria ya chapati za kutosha kila mtu, wale walionung'unika wakiwemo. Nimeambiwa wao ndio walikula nyingi zaidi.

Watu wakisikia michezo ya kukuza kumbukumbu na umakini hufikiria vitu vya dukani. Mama Timothy alibeba gunia dogo la vifuniko vya soda. Ndani ya kila kifuniko alibandika picha aliyoikata kwenye kalenda kuukuu au pakiti ya unga: jogoo wawili, baiskeli mbili, nyanya mbili. Unavitandaza kitandani vikiwa vimelala kifudifudi, unafunua viwili viwili, ukipata vinavyofanana unavichukua. Basi. Mtoto wa miaka mitano akishazoea mchezo huo, mtu mzima hana lake. Mwaka 2011 ulikuja ujumbe wa wageni kututembelea, na mmoja wao, bwana mwenye tai, aliketi kwenye mkeka kucheza na msichana mdogo wa Mashimoni. Alishindwa mara tatu mfululizo. Wenzake walipoitwa kula chakula cha mchana, alikataa kwenda.

Masharti yake kwa wazazi yalikuwa machache na hakuyalegeza. Dakika kumi zinatosha, lakini ziwe kila siku, na simu ikae mbali, ya mzazi kwanza. Anza na vitu vichache ili mtoto aonje kushinda, kisha ongeza kimoja tu. Na muache mchezo mtoto akiwa bado anautaka. "Usingoje achoke," alikuwa akisema. "Akichoka atachukia mchezo, na wewe pia atakuchukia kidogo."

Kichekesho ni kwamba huyu bingwa wa kumbukumbu husahau mwavuli kila anakokwenda. Kuna nyumba Kawangware ambako nimeona miavuli yake miwili ikining'inia pamoja.

Lakini kama ningeruhusiwa kusimulia jambo moja tu katika miaka yote hiyo, ningesimulia habari za Hope.

Ilikuwa mwezi wa Septemba mwaka 2018. Hope alikuwa na miaka sita, binti wa kwanza wa Seline, aliyekuwa akikaanga samaki karibu na kituo cha maji cha Mashimoni, na mumewe Tonny, fundi wa mjengo. Shule aliyokuwa akisoma ilimwita Seline ikamwambia mtoto hana umakini kabisa. Anaitwa haitiki, anaambiwa afungue kitabu anatazama dirishani, hesabu ya mdomo hajui hata moja. Mwaka ujao angerudia darasa. Tonny alikuwa amekwisha kuamua kwamba pesa za kurudia darasa Nairobi hazina maana. Afadhali Hope apelekwe kwa nyanya yake Homa Bay, na likizo ya Desemba ikifika asirudi tena.

Seline alikuja kwetu akiwa bado na harufu ya mafuta ya samaki mikononi. Alisema neno moja tu lililoeleweka, "Nisaidieni," kisha akalia.

Tulikwenda siku iliyofuata, Mama Timothy na mimi. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda upande huu, meko upande ule, pazia katikati. Tonny alikuwa amekaa kwenye kiti pekee na hakuinuka. Alipoona gunia la vifuniko alicheka bila furaha.

"Mathe, mimi sina shida na wewe," alisema. "Lakini mtoto anaambiwa arudie darasa, na wewe unamletea vifuniko vya soda? Huyu shida yake ni kichwa ngumu. Namwita mara tano, ananiangalia tu hivi."

"Baba Hope, nipe wiki sita," Mama Timothy akamjibu. "Mpaka shule ifunge. Ukiona hakuna kitu, mimi mwenyewe nitamsindikiza mpaka kwa basi."

Tonny aliinua mabega. Hakusema ndiyo, ila hakutufukuza.

Siku ile ile tulianza na sinia, na mimi nilishika mdomo. Vitu vitano, Hope akajibu sawa. Vitu saba, sawa. Tulipofika tisa, Mama Timothy aliondoa pini ya nguo iliyokuwa imejificha nyuma ya kikombe, na mtoto yule asiye na umakini akasema polepole, "Ile ya kuanika nguo." Alipocheza vifuniko na mimi alinishinda, na sikumwachilia.

Kisha tukacheza mchezo wa sokoni, na soko lenyewe ni Toi. Mama Timothy aliketi ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo angeketi kila tulipokuja, akaanza: "Nilienda Toi, nikanunua viatu." Unayefuata unarudia kisha unaongeza chako. Hapo Hope alipotea kabisa. Vitu viwili tu vilimshinda. Alimtazama Mama Timothy usoni, akatabasamu, akasema neno lisilohusiana na lolote.

Hali ilikuwa hiyo hiyo wiki ya kwanza na ya pili. Kwenye sinia alikuwa simba, sokoni hakuna kitu. Tulipokuwa tukirudi tukipita karibu na magorofa ya Nyayo Highrise, Mama Timothy alisimama ghafla njiani.

"Kathini," akaniambia, "kichwa ya huyu mtoto iko sawa. Kuna kitu sioni."

Wiki ya tatu tulikuta Seline ameweka mitungi miwili ya maji pale ukingoni mwa kitanda, kwa sababu maji yalikuwa yamekatika na yeye alikuwa amebahatika kuchota mapema. Mama Timothy hakuwa na pa kuketi. Akazunguka, akaketi upande wa pili wa Hope, upande wa mkono wa kulia. Tukacheza sinia kidogo, kisha akaanza kama kawaida: nilienda Toi, nikanunua viatu.

"Nilienda Toi, nikanunua viatu na ndizi," akasema Hope.

Nilidhani ni bahati. Viatu, ndizi, kiberiti. Viatu, ndizi, kiberiti, sketi ya bluu. Walikwenda wakipokezana hadi vitu saba bila Hope kuruka hata kimoja. Seline aliacha kuparua samaki. Nilipomtazama Mama Timothy niliona hatazami tena mtoto bali ile mitungi.

"Kathini, nisaidie kutoa hii maji hapa."

Tuliisogeza. Akarudi kuketi upande wa kushoto, mahali pake pa siku zote, akaanza upya kwa sauti ile ile. Hope akamgeukia na lile tabasamu lake, na hakuweza hata vitu viwili. Mama Timothy akahamia kulia tena, vitu sita. Akahamia kushoto tena, kimya.

Tonny alikuwepo siku hiyo, mjengo ulikuwa umesimama. Alikuwa ameegemea mlango akitutazama tukihamahama kama watu waliopagawa.

"Ni nini?" akauliza.

"Baba Hope, kuja hapa," Mama Timothy akasema. "Simama nyuma yake. Mwite, lakini pole pole. Huku kwanza."

Tonny aliinama nyuma ya bega la kushoto la binti yake akaita, "Hope." Mtoto aliendelea kupanga vifuniko. Akaita tena, kwa nguvu kidogo. Hakuna. Mama Timothy akamwashiria ahamie upande wa pili. Pale Tonny alinong'ona tu, sauti ambayo mimi niliyekuwa hatua mbili kutoka kwake niliisikia kwa shida. Hope aligeuka akacheka: "Baba, unataka nini?"

Tonny aliketi sakafuni pale alipokuwa, mgongo ukiwa kwenye kitanda. Akasema, "Mimi hulala hii side. Hiki kiti changu kiko hii side. Kumbe hanisikii." Na tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Nimemchapa kwa hii maneno, mathe. Nimemchapa."

Mama Timothy hakumpa pole wala lawama. Aliuliza kama Hope aliwahi kutokwa na usaha sikioni alipokuwa mdogo. Seline akasema ndiyo, mara nyingi, wakawa wanatia mafuta ya moto na usaha unakauka. "Basi," akasema Mama Timothy, "mimi si daktari. Kesho asubuhi tunaenda kwa daktari wote."

Walienda wote wanne, na Tonny ndiye aliyembeba mtoto. Daktari wa masikio alikuta ngoma ya sikio la kushoto imetoboka na kuna maambukizi ya zamani. Walipewa dawa ya matone, wakaambiwa maji yasiingie sikioni, na warudi kila mwezi. Kufikia Februari tundu lilikuwa limeziba kwa sehemu kubwa. Sikio lile halijawa kama la kulia, na pengine halitakuwa, lakini shule ilimhamisha Hope kutoka kwenye kona ya nyuma hadi dawati la mbele, sikio zuri likielekea kwa mwalimu. Hakurudia darasa, na hakuna basi lililokwenda Homa Bay na msichana huyo mwezi ule wa Desemba, ila kwa sikukuu.

Mchezo wa sokoni uliendelea, safari hii Tonny akiwa mchezaji. Anasema mpaka leo hajawahi kufika vitu kumi na vitano. Binti yake yuko Gredi ya Saba na hufika ishirini na mbili.

Tangu hapo Mama Timothy alibadilisha utaratibu wa kituo kizima. Mtoto akiletwa kwetu kwa kosa la kukosa umakini, hatuandiki neno lolote kwenye faili yake kabla hajacheza mchezo mmoja wa macho na mmoja wa masikio, pande zote mbili. Kwa njia hiyo tumewagundua watoto kumi na tisa wasiosikia au wasioona vizuri, ambao walikuwa wameitwa wajinga, wakaidi au wavivu. Kumi na tisa! Natamani ningeweza kuandika namba hiyo kwa herufi kubwa kama mlango.

Halafu ukaja mwaka 2020, shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na sisi tukakatazwa kuingia nyumba za watu. Nilidhani kazi imeisha. Mama Timothy anaishi Kawangware kwenye ploti ya vyumba kumi na vinne vinavyotazamana, na siku ya tatu ya kufungwa alisimama katikati ya ujia saa kumi jioni akaita kila mama asimame mlangoni kwake na watoto wake. Wakacheza Nyama Nyama. Kila Mkenya anaujua: kiongozi anataja mnyama, analiwa unaruka na kujibu, haliwi unatulia kama jiwe. Mchezo huo hauhitaji chochote ila masikio, na ukizubaa nusu sekunde umetoka.

"Nyama nyama nyama!"

"Nyama!"

"Nyama ya mbuzi!"

"Nyama!"

"Nyama ya paka!"

Msimamizi wa ploti alikuja kuuliza kelele ni za nini. Alipofika, Mama Timothy alikuwa ametaja punda, na nusu ya ploti ilikuwa imeruka huku nusu nyingine ikiwacheka. Yakazuka mabishano makali kama punda ni nyama au si nyama hapa Nairobi. Msimamizi aliombwa aamue. Akasema yeye binafsi hawezi kuapa kwamba hajamla. Kuanzia kesho yake alikuwa akija saa kumi kasoro dakika tano. Akina mama wa Mashimoni waliletewa maelekezo ya kila wiki kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, na shule zilipofunguliwa walimu wetu waliwapokea watoto ambao hawakuwa wamesahau kukaa na kusikiliza.

Jumanne ya wiki jana nilimsindikiza kwenye nyumba ya mwisho katika orodha yake. Ni kwa Risper, mama wa miaka ishirini na mitatu anayeuza mandazi Mashimoni, mwenye binti wa miaka minne asiyekaa chini. Risper alitupokea akiomba radhi kwamba hana kitu cha kuchezea hata kimoja ndani ya nyumba. Mama Timothy alitazama mezani, akachukua kikombe, kitunguu, soksi na kipande cha sabuni, na baada ya dakika tano mtoto alikuwa amekaa, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, akitafuta kilichopotea.

Tulipokuwa tukitoka, Risper alituita nyuma.

"Mama Timothy, sasa nicheze na yeye mpaka lini?"

"Mpaka akushinde."

"Na akinishinda?"

"Utakasirika kidogo," akasema Mama Timothy. "Halafu utaona umefurahi kuliko siku zote. Mwambie muanze tena."

Mama Timothy, kwa niaba ya wenzako wote wa Chemichemi, wa jikoni, wa darasani na wa ofisini, asante. Asante kwa kutuonyesha kwamba mtoto asiyejibu huenda anaulizwa kutoka upande usiofaa. Tumesikia kwamba huko Kimilili wajukuu watano wamekwisha kukusanya vifuniko vyao wenyewe, na mkubwa wao ametangazia kijiji kizima kwamba hashindwi na mtu. Nenda salama. Tunakuombea afya, mahindi ya kutosha shambani, na wapinzani wasiokuonea huruma.

Eddah Kathini
Idara ya Michezo ya Nyumbani, Mashimoni